Kumsoma Pilato Ukiwa Kisii

Nimefundisha somo la dini ya Kikristo huku Pwani kwa muda mrefu, na kila mwaka tukifika kwa Pontio Pilato darasa hulala. Wanafunzi wanakariri: liwali wa Uyahudi, akanawa mikono. Basi. Ukiwauliza jimbo la Kirumi lilikuwa kitu gani, kodi ya Kaisari ilimgusa vipi mvuvi wa Galilaya, au kwa nini mtoza ushuru alichukiwa kuliko mwizi, wanakutazama tu. Nilikwenda Kisii na Nyamira kwa ajili ya maswali hayo. Kule juu utawala wa jimbo na Injili viliingia vikifuatana unyounyo, ndani ya miaka michache, na bado wapo wazee waliosimuliwa mambo hayo na watu walioyaona. Ninaandika ili nanyi mwende.

Gendia

Nilianzia ziwani, kwa sababu wageni wengi walitokea huko. Kendu Bay ilikuwa na jua kali, upepo wa ziwa na harufu ya samaki walioanikwa. Juu kidogo ya mji ndiko Gendia, kilima cha misheni chenye miti mikubwa. Alifika hapa Novemba 1906 Arthur Carscallen, Mkanada, mmisionari wa Waadventista Wasabato, akiwa pamoja na Peter Nyambo kutoka Nyasaland, nchi tunayoiita leo Malawi. Mwafrika alikuwa miongoni mwa waliofungua njia, jambo ambalo watu wengi hulipita bila kulitaja.

Kutoka Gendia barabara inapanda kupitia Oyugis, na unavyopanda ndivyo nchi inavyobadilika. Mtama na majani makavu vinabaki nyuma, migomba inakaribia barabara, hewa inapoa. Kufikia mpaka wa Kisii hakuna tena kipande cha ardhi kisicho na mmea. Mahindi yamepanda mlima hadi kileleni, chai imeshika miteremko, na kati ya shamba na shamba kuna ua wa miti na mlango wa mtu. Kwa sisi tuliozoea nyika, macho hukosa mahali pa kupumzika.

Nchi hii ilikuwa imekwishagawanywa na watu wa mbali kabla ya wenyewe kujua. Hadi 1902 Waingereza waliihesabu kuwa sehemu ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Mwaka huo nchi hii ikahamishiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki, ikawa ndani ya Mkoa wa Kisumu, ambao 1909 ukaitwa Nyanza. Abagusii, wenyeji wa milima hii, wakatiwa katika wilaya moja na majirani zao Waluo, ikaitwa Kavirondo Kusini. Hakuna mzee aliyeulizwa, na wengi hawakuwa wamemwona Mzungu hata mmoja. Ndivyo ilivyokuwa mwaka wa 6 baada ya Kristo, Augusto alipomwondoa Arkelao mwana wa Herode na kumpeleka Gaul. Uyahudi ukageuzwa jimbo, chini ya jicho la liwali mkubwa wa Siria, na Kirenio akaja kuandikisha watu na mali zao. Kisichohesabiwa hakitozwi kodi. Yuda Mgalilaya alilijua hilo, ndiyo maana aliinua watu kupinga hesabu yenyewe.

Kisii mjini

Ijumaa asubuhi nilipewa ndizi mbichi za kuchemsha na chai ya maziwa, nikashuka sokoni Daraja Mbili. Soko hili halina mwisho. Mitumba imepangwa kando ya mafungu ya managu, parachichi zimerundikwa chini, mama mmoja anapima wimbi kwa kopo huku akibishana na wateja kwa Ekegusii na Kiswahili kwa pamoja. Mchana mvua ikaja, kama inavyokuja karibu kila siku, na wote wakahamia chini ya vibaraza bila kukatiza mazungumzo.

Jina la asili la mahali hapa ni Getembe. Wazee wanasimulia kwamba kabla Mzungu hajafika, mtabiri Sakawa aliwakusanya watu hapa akawaonyesha kwa kidole: askari watakaa pale, wagonjwa watatibiwa pale. Kisha akatoweka, na wafuasi wake wakakaa miaka mingi wakingoja arudi. Waingereza walipopiga kambi 1907 na kuanza kujenga, watu wakaona maneno yake yakitimia mbele yao.

Ofisa wa kwanza aliyeletwa kutawala hapa alikuwa G. A. S. Northcote, kijana wa miaka 26. Abagusii walimwita Nyarigoti. Mkuu wake wa mkoa alikaa Kisumu, bandarini, penye meli na reli. Yeye alikaa mlimani kati ya watu. Pilato naye hakuishi Yerusalemu. Makao yake yalikuwa Kaisaria, mji wa bandari aliojenga Herode, na alipanda Yerusalemu wakati wa sikukuu, watu walipokuwa wengi na hofu ya ghasia ilipokuwa kubwa. Kule Kaisaria ndiko lilikopatikana, mwaka 1961, jiwe lenye jina lake na cheo chake. Nilisimama karibu na ofisi za serikali nikaelewa jambo ambalo ramani ya darasani haikunielewesha: jimbo huendeshwa kwa watu wachache sana. Hao wachache wanahitaji wenyeji wa kuwafanyia kazi.

Abagusii hawakuwa na mfalme mmoja. Kitutu, Nyaribari, Bobasi, Machoge, Bonchari na Mugirango mbili, kila upande ulikuwa na koo zake na wazee wake. Serikali ikaweka machifu, na machifu wakakusanya kodi ya nyumba kwa rupia. Asiye na rupia aliuza mnyama au aliondoka kwenda kutafuta kazi ya mshahara. Palepale ndipo Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko, anapopata mwili: mtu wa kwenu, anayekujua jina, anayejua una nyumba ngapi, naye anafanya kazi ya mgeni. Vijana wa Kenya walipoandamana Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha, jina la Zakayo lilikuwa katika kila kinywa. Hawakuhitaji mwalimu wa kuwaeleza.

Sitaki niwahukumu machifu wote kwa fimbo moja. Musa Nyandusi wa Nyaribari, mmoja wa waliokuwa na nguvu zaidi, anakumbukwa hata leo, na mwanawe Simeon Nyachae akawa mkuu wa mkoa katika Kenya huru, kwanza akiwa mtumishi wa serikali na baadaye mwanasiasa wa taifa zima. Mikoa yenyewe tuliiondoa kwa katiba ya 2010 tu. Kwa hiyo wazee wengi wa Kisii wamewahi kusimama mbele ya meza ya DC, mkuu wa wilaya, wakiwa wameshika kofia mkononi.

Nyanchwa

Jumamosi baadhi ya maduka hayafunguliwi, na njia ya kupanda Nyanchwa hujaa watu waliovaa nguo za ibada. Wasabato walifungua misheni kwenye kilima hiki 1912, na imani yao imeshika mizizi hapa kuliko karibu mahali pengine popote nchini. Nilikaa kwenye benchi la nyuma wakati wa shule ya Sabato. Somo lilikuwa lile la mlimani, juu ya mtu anayekulazimisha kwenda naye maili moja. Kiongozi akauliza nani alikuwa na haki ya kumlazimisha mwenzake. Vijana wakakaa kimya. Mzee mmoja akasimama akasema, kwa utulivu, kwamba baba yake mkubwa alibebeshwa mizigo ya jeshi hadi Tanganyika katika vita vya Wajerumani na hakurudi.

Hakuongeza neno. Nami sijawahi kusikia maelezo bora ya aya hiyo. Askari wa Rumi aliweza kumsimamisha mtu yeyote wa jimboni na kumtwika mzigo. Ndivyo Simoni Mkirene, aliyekuwa akitoka shamba, alivyojikuta chini ya msalaba usio wake. Vita vya 1914 hadi 1918 vilikula maelfu kwa maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki, wengi kwa njaa na kuhara kuliko risasi, na vilipokwisha likaja kipande, kitambulisho ambacho kila mwanamume Mwafrika alikibeba shingoni ndani ya kikopo cha chuma.

Kutoka Nyanchwa unauona mji wote chini. Hapa, tarehe 12 Septemba 1914, Waingereza na Wajerumani walipigana. Wajerumani walikuwa wameingia mjini siku iliyotangulia. Jioni ya mapigano pande zote mbili zikarudi nyuma, kila mmoja akidhani ameshindwa. Kwa siku chache Getembe ilibaki bila serikali. Watu wakashuka kutoka milimani wakachukua kila kitu: vya ofisi, vya maduka ya Wahindi, na vya misheni pia, hii ya Nyanchwa na ile ya Nyabururu. Waingereza waliporudi walichoma nyumba na kutwaa ng'ombe kama adhabu.

Nililifikiria sana hilo nikiwa pale juu. Wamisionari walikuwa wamekuja kwa neno la amani, lakini walikuwa wamekuja kwa njia ileile, kwa rangi ileile, chini ya bendera ileile, na mwenyeji hakuona sababu ya kuwatenganisha na boma. Kanisa la kwanza lilianza upande wa pili. Mitume walikuwa watawaliwa, na walipofika Korintho au Rumi walifika wakiwa watu wa jimbo lililodharauliwa. Tofauti hiyo ni kubwa, na nadhani sisi walimu tunaificha tunapolifundisha somo la kuenea kwa Ukristo.

Nyabururu

Jumapili nilisali Nyabururu, ambako mapadre wa Mill Hill walifungua misheni 1911. Kwaya ilikuwa nzuri kupita kiasi. Kutoka parokia hii na nyingine kama yake ndiko lilikotoka jimbo la Kikatoliki la Kisii, lililoanzishwa 1960, Maurice Otunga, aliyekuja kuwa kardinali baadaye, akiwa askofu wake wa kwanza.

Lakini si wote walioikubali njia hii. Mwaka 1913, kule Alego, Onyango Dunde alisema amemezwa na joka la ziwani na kutapikwa akiwa na ujumbe: dini ya Wazungu imeoza, nao wataondoka. Imani hiyo ya Mumbo ilipanda milima hii haraka na kuungana na tumaini la kurudi kwa Sakawa. Serikali iliiogopa. Viongozi wake walikamatwa na kuhamishiwa Pwani, kwetu, mbali na kila aliyewajua. Ningependa siku moja mtu aandike habari za watu hao walioishi miongoni mwetu bila sisi kujua walikuwa nani.

Manga

Siku hiyohiyo mchana nilipelekwa Manga, upande wa Nyamira. Manga ni ukuta. Unatembea katikati ya migomba na nyumba, na ghafla ardhi inakatika mbele ya miguu yako na mwamba unashuka wima. Chini kuna mashamba ya Kitutu, mito myembamba, mabati yanayometa, na upande wa machweo, anga likiwa safi, ziwa. Humo mwambani kuna pango linaloitwa Ngoro ya Mwaga, ambako watu bado huenda kuomba.

Mwenyeji wangu alikuwa mwalimu mstaafu. Yeye aliniita mwalimu, nami nikamwita tata, kama wanavyomwita baba huku. Alikuwa amemwalika jirani mpiga obokano. Hicho ni chombo kikubwa cha nyuzi nane, na sauti yake ni nzito na yenye kukwaruza, unaisikia kifuani kabla ya masikioni. Mpigaji aliinamisha kichwa karibu na nyuzi akapiga taratibu, kisha akanyamaza tata alipoanza kusimulia.

Alianza na 1905. Mwezi Septemba kikosi cha polisi na askari wa King's African Rifles (KAR) kiliingia Gusii. Vijana wenye mikuki na ngao waliikimbilia bunduki ya Maxim. Robert Foran, ofisa wa polisi aliyekuwepo, aliandika miaka mingi baadaye, katika kitabu alichokitoa 1936, kwamba bunduki ilifyatua kwa muda mrefu hadi ikakaribia kuwa nyekundu kwa moto.

Kisha akafika Januari 1908. Northcote alikuwa amekwenda Kitutu kutwaa ng'ombe. Kulikuwa na mwanamke, Moraa, mtabiri na mganga, aliyekuwa akiwaambia vijana waziwazi kwamba wageni hawa wataimaliza nchi, na akiwaaibisha waliosita. Otenyo alikuwa wa nyumba yake, mtoto aliyelelewa karibu naye. Tarehe 12 alimvizia Northcote njiani akamchoma mkuki mgongoni.

Northcote hakufa. Kilichofuata ni msafara wa adhabu: vijiji vikachomwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu, na watu zaidi ya mia mbili wakauawa kwa hesabu ya Waingereza wenyewe. Habari zilipofika London, Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni, alituma simu akihoji kama kulikuwa na haja ya kuendelea kuua kwa kiasi kile watu wasioweza kujitetea. Simu ilifika, lakini wafu walikuwa wamekwishazikwa. Mwaka wa 36 baada ya Kristo Wasamaria nao waliuawa na askari wa Pilato karibu na mlima Gerizimu. Wakalalamika kwa Vitelio, liwali wa Siria, naye akamwondoa Pilato kazini na kumpeleka Rumi ajieleze. Kwa Gusii hakuna aliyeitwa kujieleza. Northcote alipona, akapanda vyeo, akawa gavana wa British Guiana na kisha wa Hong Kong, kuanzia 1937 hadi 1941.

Otenyo alikamatwa akauawa. Ukoo wake unasema kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Uingereza, na umekuwa ukiomba kirudishwe kwa miaka mingi sasa.

Tata alikaa kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, nyinyi mnafundisha kwamba umati ulimchagua Baraba kwa sababu ulikuwa na roho mbaya. Baraba alifungwa kwa sababu ya uasi. Hapa kwetu, siku ile, ungeuliza watu uwafungulie nani, wangelia jina la nani?"

Sikuwa na jibu la kubishana naye. Sisemi Otenyo ni mfano wa Kristo. Kristo alimwambia Petro aurudishe upanga alani, na mimi ninaliamini hilo. Lakini nimesoma habari ya Baraba tangu utotoni na sikuwahi kuwaona wale watu uwanjani kama watu waliochomewa nyumba. Sasa ninawaona. Na kuna jambo jingine. Magavana wa Rumi walikuwa wengi, wamesahauliwa wote ila mmoja, na huyo tunamtaja kila Jumapili katika Kanuni ya Imani kwa sababu ya mtu aliyemtoa asulubiwe. Kule Gusii Northcote anatajwa kwa sababu ya Otenyo.

Jioni tulikula nyumbani kwa tata. Mkewe alileta ugali wa wimbi ndani ya ekee, kikapu kilichosukwa kwa ajili hiyo, umefunikwa ubaki na moto wake, pamoja na chinsaga. Mboga hii huchemshwa muda mrefu na kutiwa maziwa hadi uchungu wake upungue bila kwisha. "Kula, mgeni wetu, mlima huu hauteremki mtu mwenye njaa," mama alisema, akaniongeza.

Tabaka

Kituo cha mwisho kilikuwa Tabaka, Mugirango Kusini, nchi ya mawe laini. Machimbo yako wazi, meupe na ya waridi, na vumbi lake limepaka njia, majani na nyusi za watu. Wanaume wanachonga kwa panga na visu. Wanawake wanasugua kwa msasa na maji ndani ya beseni, kisha wanapaka nta mpaka jiwe liteleze. Karibu kila familia ina mkono katika kazi hii. Viboko, sahani, seti za sataranji, vyote vinasafiri hadi Ulaya na Marekani.

Fundi mmoja alikuwa akimalizia seti za Krismasi: Mariamu, Yusufu, mtoto, mamajusi, kondoo na punda, kila mmoja hazidi kidole. Nikamwuliza kama amewahi kuchonga karani wa sensa, yule aliyewafanya Mariamu na Yusufu wafunge safari. Akasema hapana, wanunuzi hawajawahi kumwomba. Lakini akaniuliza alivaaje, na alikaa au alisimama. Nikamweleza nilichojua. Nikaagiza mmoja, ameketi, na kalamu mkononi, nikamlipa. Atamtuma.

Walimu wenzangu, mkiweza, wapelekeni wanafunzi Kisii na Nyamira kabla ya kuwafikisha kwa Pilato. Waende Nyanchwa, wapande Manga, wawaulize wazee wangali hai. Na kwenu wenye mamlaka Nairobi na London: familia ya Otenyo imesubiri zaidi ya karne. Fungueni makabati na vitabu vya kumbukumbu. Kama fuvu lake liko, lirudishwe Kitutu likazikwe. Kama haliko, familia ijibiwe hivyo kwa maandishi.